Nani Achimbe Msingi wa Susana?

Migori,
14 Januari 1996

Kwa Katibu wa Tawi la Homa Bay,
Ndugu Aduda,

TANGAZO RASMI. Kwa heshima na taadhima, na kwa idhini ya Kamati Kuu ya Umoja wa Mafundi wa Ujenzi, wanachama wote kutoka Isebania hadi Kendu Bay wanaarifiwa kwamba ofisi ya Mwenyekiti sasa ina meza. Meza hiyo ni ya mvule, imerandwa na maseremala wetu wenyewe, na haipiti mlangoni. Mlango nao ulijengwa na waashi wetu wenyewe. Nimeita pande zote mbili. Waashi wamepima mbele yangu, wako sawa. Maseremala wamepima, nao wako sawa. Kwa hiyo meza iko nje chini ya mabati, Mwenyekiti yuko ndani amekalia ndoo, na shughuli za ofisi zinaendeshwa na kuku wa jirani.

Umecheka? Vizuri, maana hilo lingine halichekeshi.

Ni habari za Ogweno. Tangu tumzike mwezi uliopita sina raha. Alianguka kutoka jukwaani akipiga lipu, kadi yetu ikiwa mfukoni, na wewe unajua hiyo maana yake ni nini. Unakumbuka mkutano wa Oyugis, tulipokuwa watu wachache hata benchi za kanisa zilituonea huruma? Nikasimama nikasema, "Fundi akifa kazini, umoja utamjengea mjane wake nyumba." Sikuwa nimepanga kusema hivyo, yalinitoka kama chafya. Lakini makofi yale uliyasikia. Kuanzia siku hiyo watu wakaanza kujiunga. Hakuna aliyejiunga kwa sababu ya sura yangu, mke wangu Bhoke anaweza kutoa ushahidi. Walikuja kwa sababu ya nyumba ile.

Sasa amekufa wa kwanza. Macho yote yako huko kwako. Gichana, yule kontrakta, anapita kwenye mijengo akisema, "Rudisheni kadi, njooni kwangu. Mimi natoa kazi, Maroa anatoa maneno." Tukimjengea Susana wa Ogweno kabla mvua ya Machi haijaanza, tutasimama. Tusipomjengea, hata mimi nitarudisha kadi yangu, sijui nitamrudishia nani.

Suleman wa duka la vifaa amekubali kutoa simiti na mabati. Anza wiki hii.

Wako katika umoja,
Elkana Maroa
Mwenyekiti


Homa Bay,
25 Januari 1996

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Pokea salamu kutoka kando ya ziwa. Pole kwa meza.

Kuhusu nyumba ya marehemu Ogweno, napenda kukujulisha kwamba mchanga umefika nyumbani kwake. Matofali yamefika pia, yamepangwa vizuri karibu na jiko, na yamefunikwa. Kazi itaanza mara tu mambo fulani ya hapo nyumbani yatakapokamilika.

Wanachama wapya wanaendelea kuja. Waliona tulivyobeba jeneza, kila fundi na mwiko wake kiunoni, na jambo hilo liliwagusa. Mmoja kutoka Karungu alisema hajawahi kuona fundi akizikwa kama mwalimu mkuu.

Susana na watoto wanalala jikoni kwa sasa. Ukuta wa nyuma wa nyumba yao ulianguka wakati wa matanga, watu walipouegemea wengi. Ogweno aliwajengea watu wote wa Homa Bay akajisahau mwenyewe. Lakini jiko halivuji sana.

Ombi langu ni kwamba usije kwanza. Na katika barua ijayo, tafadhali usiniulize tarehe.

Wako mtiifu,
P. Aduda
Katibu wa Tawi


Migori,
6 Februari 1996

Ndugu Aduda,

Hukutaka nikuulize tarehe, basi sikuulizi. Nakuuliza: lini?

Jana Werema alikuja ofisini. Unamjua, fundi wa paa, yule mrefu. Akakaa kwenye meza yangu huko nje, juu yake, si nyuma yake.

"Maroa, mura, ndugu yangu," akaniambia, "ile nyumba ya Homa Bay imefika dirishani?"

"Mchanga umefika."

"Mchanga." Akalirudia hilo neno kama mtu anayeonja chumvi. "Kwa hiyo nikianguka mimi, mke wangu atalala juu ya mchanga."

Akaweka kadi yake mezani akaenda. Fundi mzuri kuliko wote niliokuwa nao upande huu, Aduda. Nilimwajiri alipokuwa hajui hata kushika nyundo, na ameondoka bila hata kunitukana. Angenitukana ningefarijika.

Halafu Suleman akapita hapa akielekea mpakani. Nikamwuliza simiti imeisha mifuko mingapi. Akashangaa: "Imeisha? Hakuna aliyekuja kuchukua hata mfuko mmoja." Kisha akaongeza, polepole, kama mtu anayechomoa mwiba kwenye mguu wa mwenzake, kwamba alikuona ukinywa chai na Gichana.

Mimi ni mtu wa mzaha, wewe wajua. Nimejenga urafiki wetu wote kwa mzaha kwa sababu sina kitu kingine cha kujengea. Lakini hapa naweka mzaha chini. Je, unatuuza? Kama umechoka na umoja, niambie kama mwanamume. Usiniambie matofali yamefunikwa.

Maroa


Homa Bay,
13 Februari 1996

Mzee Maroa,

Barua yako imeniuma, na pengine nilistahili.

Gichana alininunulia chai, ni kweli. Nilikunywa. Nikamwambia hapana. Yeye akacheka akasema, "Aduda, sina haraka. Subiri tu hiyo nyumba, itawamaliza yenyewe." Anajua ambalo wewe hujui. Kila mtu hapa anajua, isipokuwa wewe.

Wewe umejenga maduka, na shule, na vyoo vya shule. Hujawahi kujenga ndani ya dala, ndani ya boma la Mjaluo. Huko nyumba si matofali tu. Mwanamke aliyefiwa tunamwita chi liel, mke wa kaburi. Nyumba yake mpya haianzi mpaka mwanamume apige jembe la kwanza na kuweka nguzo ya kwanza, na mwanamume huyo ni yule anayemrithi. Akishapiga jembe, ametangaza mbele ya watu wote kwamba yeye ndiye mwenye nyumba ile na aliyemo ndani yake. Sasa mimi nimtume fundi gani? Kila ninayemgusa anarudi nyuma. "Aduda, unataka mke wangu aniue?" Na si uwongo, angemuua.

Utaniuliza kwa nini sikusema Oyugis. Nimejiuliza hilo usiku kucha. Tulikaa pale, Wajaluo wengi kuliko wote, tukapiga makofi. Mwanamume haelezi mambo ya nyumbani kwake kwa mgeni kanisani. Lakini nadhani sababu yenyewe ni nyingine. Tulipiga makofi kwa sababu kila mmoja wetu alidhani atakayekufa ni mwenzake.

Yuko mtu aliye tayari. Otieno, mtoto wa ami yake Ogweno. Amesema apewe jembe hata leo. Wazee wamekubali. Nusu ya tawi langu wanasema, "Si basi akubali, tujenge, yaishe?" Susana amekataa. Nilienda kumsikiliza pale jikoni, na maneno yake nakuandikia kama yalivyo: "Otieno alimrithi mjane wa Kendu, na mjane wa Kendu amezikwa. Alikonda mpaka tukambeba kama kikapu. Wewe Aduda unataka kunijengea nyumba au kaburi?"

Ndiyo maana barua zangu zilikuwa za mchanga.

Nyumba isipojengwa, tawi litakufa. Ikijengwa kwa mkono wa Otieno, tutakuwa tumelitumia lile jina letu zuri kumsukuma mwanamke mahali asipotaka kwenda. Nionyeshe njia, Mzee. Mimi sioni.

Aduda


Migori,
19 Februari 1996

Aduda, ndugu yangu,

Nisamehe. Nilikuita msaliti, kumbe ulikuwa umebeba mzigo wangu mimi.

Lakini sasa furahi! Nimesoma barua yako mara nyingi, na jana, nikiwa nimekalia ndoo, njia ikanijia. Mimi ni Mkuria! Sina dala huko, sina ami huko, mila zenu hazinifungi. Hilo jembe likiwa mkononi mwangu ni chuma na mti tu. Nitakuja mimi mwenyewe Jumamosi hii na waashi watatu wa Migori. Nitapiga jembe la kwanza, msingi utachimbwa, na kuanzia hapo vijana wako waingie kwa amani, kwa sababu la kwanza si lao. Mwenyekiti mzee, kitambi mbele, kipara juu: nani atasema nimekuja kuoa?

Usimwambie Susana. Mwache aone tu tumetimiza.

Andaa chai.

Maroa


Homa Bay,
22 Februari 1996

Mzee,

USIJE. Natuma barua hii kwa dereva wa Suleman ikufikie kabla ya Jumamosi.

Mgeni ndiye mbaya zaidi! Hapa mjane asipopata mtu wa ukoo, wazee hutafuta mtu wa mbali, mpita njia, wakampa kuku na pombe afanye kazi ile ile. Ukipiga jembe, hawatasema Mwenyekiti amejenga. Watasema Susana amepata mtu wake.

Nakuomba. Kaa na meza yako.

Aduda


Kwa Ogweno, karibu na Homa Bay,
4 Machi 1996

Kwa Mwenyekiti wa Mafundi,

Jina langu ni Susana, mke wa Ogweno. Hatujawahi kuzungumza. Siku ya mazishi ulinishika mkono ukaniita shemeji. Nakuomba usiniite hivyo tena, utaona kwa nini.

Jumamosi ile nilikuwa sokoni nikiuza dagaa wetu wa omena. Niliporudi nikakuta shimo. Nikakuta waashi wako wanakunywa chai, na nikaambiwa umekwisha kuondoka kwa sababu una mkutano. Mama mkwe alikuwa anaimba. Alikuwa hajaimba tangu Desemba.

Nikamwuliza, "Mama, kuna nini?" Akasema, "Wewe unajua kujificha! Kumbe ulikuwa naye." Akanieleza yote. Kwamba ulipiga jembe, na wanawake wakapiga vigelegele, na wewe ukawapungia mkono. Kwamba walikuchinjia jogoo ukala. Kwamba walikuletea kiti cha Ogweno, ambacho hakuna aliyekikalia tangu afe, ukakikalia, ukasema ni kiti kizuri.

Ulidhani wanakushukuru, sivyo?

Sasa sikiliza yaliyofuata. Otieno amekuja na wazee. Amesema ni afadhali yeye kuliko Mkuria ambaye ana mke kwake. Baba mkwe amesema kabla ya Pasaka nichague: ama wewe uje umalize ulichoanza, ulale hapa, ama Otieno. Sokoni wenzangu wananiuliza Mwenyekiti wangu hajambo. Watoto wameulizwa shuleni.

Nilikuwa nimelala jikoni na watoto wangu, Mwenyekiti. Lilikuwa linavuja, lakini hakuna aliyekuwa na neno la kuniambia. Nilikuwa nimewashinda kwa kunyamaza. Wewe umekuja na jembe ukanifungulia mlango wa mashtaka.

Aduda aliniambia wewe si mtu mbaya, ni mtu wa mzaha. Mimi sijui. Ninachojua ni kwamba mliwaza nyumba yangu huko Migori, mkaiwaza Homa Bay, mkaiwaza Oyugis. Jikoni hakuja mtu kuniuliza mimi nataka nini.

Susana


Migori,
10 Machi 1996

Mama Susana,

Barua ya Aduda ya kunizuia ilinifikia Jumatatu. Dereva alipata pancha Rongo. Lakini sitajificha nyuma ya pancha. Hata ingenifikia Ijumaa, sina hakika ningetii. Nilikuwa nimejipenda sana na lile wazo.

Bhoke amesoma barua yako. Aliisoma kwa sauti, mbele yangu, bila kuruka. Alipofika kwenye kiti akaniangalia juu ya karatasi. Tangu siku hiyo chai naipika mwenyewe.

Leo nimewaandikia baba mkwe wako na wazee, kwa mkono wangu, kwamba mimi si mtu wako, kwamba sikujua nilichofanya, na kwamba sitarudi kukanyaga pale. Aduda atawasomea. Sijui kama itatosha. Mtu aliyekwisha kula jogoo hawezi kumtapika akawa hai.

Sasa nakuuliza, nikiwa nimechelewa. Unataka nini? Ukisema hutaki nyumba, tutanyamaza. Ukisema unataka, niambie wapi na vipi.

Elkana Maroa


Kwa Ogweno,
17 Machi 1996

Mwenyekiti,

Aduda aliwasomea wazee. Baba mkwe alisikiliza mpaka mwisho akasema, "Basi amebaki Otieno." Kwa hiyo haikutosha.

Umeniuliza ninachotaka. Imenichukua muda kujibu kwa sababu nilikuwa sijaulizwa.

Dada yangu ana kiploti Rodi, nyuma ya soko. Anasema nichukue upande. Rodi si dala ya mtu. Nyumba ya sokoni ni nyumba tu, nyinyi mnazijenga kila wiki, na hakuna anayewauliza mmemwoa nani. Hapo mpiga jembe awe yeyote.

Lakini usidhani ni raha. Nikienda Rodi nimetoka nyumbani kwa Ogweno. Shamba atalima Otieno. Matofali mliyoleta wamesema hayatoki, na mama mkwe, aliyenipenda, amesema nikivuka lango nisirudi hata kulia kaburini. Watoto watakuwa watoto wa sokoni. Nimepima yote hayo usiku na mchana na bado nasema Rodi, kwa sababu nataka kuwa hai watoto wangu wakiwa wakubwa.

Kama mnaweza, jengeni kabla ya Pasaka. Kama hamwezi, semeni mapema, nitafute vibanda.

Nasikia mna mkutano Oyugis mwezi wa tano. Mtasema nini juu yangu huko?

Susana


Homa Bay,
3 Aprili 1996

Mzee Maroa,

Nyumba imesimama. Nakuandikia mikono ikiwa bado na simiti, usinilaumu kwa madoa.

Nilipotangaza Rodi, tawi lilipasuka. Wengine walisema, "Hatukuahidi kumtoa mwanamke kwa mume wake." Walipanga mstari kurudisha kadi, na wa kwanza kwenye mstari alikuwa ndugu yangu wa tumbo moja. Sasa wako kwa Gichana. Waliobaki si hata nusu.

Hao waliobaki walikuja. Suleman alitupatia matofali mengine akasema tutazungumza baadaye. Asubuhi ya kwanza tulikuwa tumefunga kamba na kupiga vigingi, Otieno akafika na watu wake. Hakupiga kelele. Aling'oa kigingi cha kona, akakitupa, akaniuliza kwa Dholuo, "Omera, ndugu, unamjengea nani?" Nikakirudisha. Akaking'oa tena. Nikaona vijana wangu wanaanza kukusanya vyombo, mmoja mmoja, macho chini. Nilijua wakifika barabarani hawarudi.

Hapo Susana akatoka kwa dada yake. Akaenda akaketi pale pale kwenye kona, juu ya tundu la kigingi, akanyoosha miguu kama mtu anayechambua omena. Kigingi Otieno angeweza kuking'oa siku nzima. Lakini kumshika mjane wa ndugu yake na kumburuta mbele ya soko la Rodi, wanawake wote wamesimama na vikapu vyao, hilo hakuweza. Alisimama juu yake muda mrefu sana, Mzee. Nilishika koleo, na namshukuru Mungu sikuhitaji kujua nilitaka kufanya nini nalo.

Akatema mate akaondoka. Susana hakunyanyuka. Tulichimba msingi tukimzunguka, kona ile ikawa ya mwisho.

Sijui kama tumeshinda. Jana alihamia. Alibeba vyombo vyake peke yake, hakuna mtu wa kwa Ogweno aliyemsindikiza hata hatua.

Aduda


Migori,
12 Mei 1996

Mama Susana,

Uliniuliza tutasema nini juu yako Oyugis. Utasikia kwamba Mwenyekiti alitoa ripoti na ikapokelewa. Kumbukumbu za mkutano ndivyo zinavyosema, na nimetia sahihi. Yaliyotokea hasa ni haya.

Nilikwenda na hotuba. Ilikuwa nzuri, nilikuwa nimeifanyia mazoezi mbele ya kuku. Ilisema umoja uliahidi na umoja umetimiza. Nikaitoa mpaka nikafika kwenye "umetimiza," nikangoja makofi. Hayakuja.

Nyarangi, fundi bomba, akanyanyuka nyuma. "Mwenyekiti, hiyo nyumba iko kwa Ogweno?"

"Iko Rodi."

"Basi hamkujenga nyumba, mmevunja moja."

Kanisa likalipuka. Mmoja akasema wewe ni jeuri. Mwingine akasema mkewe akisikia habari hii ataanza kuangalia viploti. Wakacheka, lakini si kicheko kizuri. Mimi nilikuwa nimeshika ile karatasi yangu na nilitaka kuwapoza kwa mzaha, kama kawaida yangu. Nilikuwa nao mmoja tayari mdomoni. Ulikuwa unakuhusu wewe. Nashukuru Aduda alinitangulia.

Alisimama akasema, "Sisi wote hapa tumemwahidi mwanamke nyumba. Nani amemwuliza mke wake anaitaka wapi?"

Watoto waliokuwa wakichungulia dirishani wakawageukia baba zao.

Ndipo nikaiweka hotuba mfukoni nikapendekeza sharti jipya: kila mwanachama aende nyumbani amwulize mkewe, nikifa utataka nyumba wapi, na jibu lake liandikwe kwenye kadi, na hapo ndipo umoja utajenga, popote pawapo. Asiyetaka kuuliza, hatuwezi kumjengea mjane wake. Lilipita, kwa kura chache sana. Wakati wa chai niliona watu wazima, waliopanda majukwaa ya ghorofa bila woga, wakirudisha kadi zao kuliko kwenda kuuliza swali hilo jikoni kwao. Hawakwenda kwa Gichana wote. Wengine walikwenda nyumbani tu. Tumebaki wachache kuliko tulivyokuwa siku ya makofi. Nimekuwa nikisema ni wachache lakini imara. Sijui kama ni imara. Najua ni wachache.

Nami nikarudi Migori na kadi yangu. Nilikaa nayo siku kadhaa, maana kutunga sheria ni rahisi. Mwishowe nikamkuta Bhoke anamenya mihogo, nikamwuliza.

Akasema, "Kwani unaumwa?"

"Siumwi. Ni sharti la umoja."

Aliendelea kumenya. Nilikuwa na hakika ya jibu, Mama Susana. Hii nyumba tuliyomo nimeijenga kwa mikono yangu, jiwe kwa jiwe, na kila mgeni namzungusha ndani yake kama jumba la makumbusho. Niliuliza ili nisikie tu.

"Isebania," akasema. "Nyuma ya soko. Mahali ambapo hakuna mtu wa kwenu."

Nilitaka kumwuliza kwa nini. Nilitaka kumwambia habari ya mawe, nilivyoyabeba. Yeye akainua kichwa akaniangalia, akingoja aone kama nitaandika. Nikaandika. Akarudi kwenye mihogo yake, na jioni ile, kwa mara ya kwanza tangu barua yako, nikaletewa chai.

Mpaka leo sijajua kama nimekasirika. Lakini juzi nilikuwa Isebania kwa kazi nyingine, nikapita nyuma ya soko kuangalia. Udongo wa pale ni mweusi, wakati wa kiangazi unapasuka. Msingi utabidi uende chini sana. Nimewaambia wenzangu wajue hivyo mapema, maana siku hiyo mimi sitakuwepo.

Elkana Maroa